Glavu Zangu na Mashine ya Visiki

Baba Watoto,

Chai iko kwenye chupa. Mlango wa nyuma tia komeo, kitasa kimelegea tena. Nimekwenda kwa yule mwalimu mwenye visiki vitatu uani.

Ya asubuhi uniwie radhi. Mashine ya kusaga visiki ilinizimikia mara nne, kioo chake kikiandika "mwendeshaji hayupo", na mimi nimeshika mpini kwa mikono miwili! Ukishika wewe, inawaka. Akishika fundi, inawaka. Ndiyo maana nikakufokea kwamba unaichezea nikilala.

Ulipoingia ndani nikavua glavu nijifute machozi. Nikashika mpini, ikanguruma! Nikazivaa tena, kimya. Wewe na fundi hamvai glavu. Sasa sielewi: ni ile raba uliyonishonea viganjani inayoificha mikono yangu, au mashine ina wazimu? Na betri mpya tuliitia ya nini?

Glavu hizi hapa mezani. ~~Zitupe.~~ Usithubutu kuzitupa. Fumua raba ya viganjani tu, vidole uviache. Ukimaliza niletee mwenyewe, uone kama sipo.

Mama Watoto