Nilimsalimia Mama Mkwe Nikiwa na Glavu

Shikamoo Mama Idda. Mimi ni binti wa kijiji cha Yakobi hapa Njombe, naomba unisaidie maana nimeharibu na sijui pa kuanzia. Viganja vyangu vinatoka jasho tangu shule ya msingi, jasho la kudondoka kabisa mpaka daftari linalowa, na kwa baridi ya kwetu watu wanashangaa, wengine wakasema ni mapepo, nimeombewa, bado, nimepaka poda na ndimu, bado, basi nikazoea kuvaa glavu za sufu na hakuna anayeuliza, hata mchumba wangu Nathanieli anayeuza spea za pikipiki Makambako hajui, huwa namwambia nasikia baridi tu. Sasa mwezi wa sita akamleta mama yake kutoka Kifanya anione kabla ya posa, yule mama alikuja akitoka kuvuna viazi, akanawa, akajifuta kwenye kitenge, akaninyooshea mikono yote miwili kunisalimia kwa kilugha, “Kamwene, mwanangu,” na mimi kwa hofu nikampa mkono bila kuvua glavu, Mama Idda, mama mkwe! Akavitazama viganja vyake vilivyopasuka kwa jembe, akavificha ndani ya kitenge, na chai hakunywa. Nathanieli akaniambia, “Mama yangu ni mkulima, Eveline, siyo mchafu,” na tangu hapo simu zangu hapokei, nasikia posa imeahirishwa, nalia kila siku maana yule mama nilimpenda palepale. Nifanyeje?

Eveline, Yakobi

Eveline mwanangu, pole sana. Lakini ngoja nikugombeze kwanza. Uliona aibu ajue mikono yako inalowa, ukamwacha arudi Kifanya akiamini unamwona mchafu. Lipi baya zaidi hapo? Na Nathanieli ulimficha ya nini, mtu unayetaka kuzeeka naye!

Hayo siyo mapepo, wala uchafu, wala hayaambukizi. Ni mishipa ya fahamu inaziamsha tezi za jasho kupita kiasi, ndiyo maana ukiogopa linazidi, na baridi hailizuii. Ndimu acha, itakuchubua. Kamwone daktari wa ngozi. Atakuuliza kama unatoka jasho mwili mzima, au ukiwa umelala, maana hilo laweza kuwa ugonjwa mwingine wa kupimwa. Kwa viganja peke yake kuna dawa ya kupaka yenye chumvi ya alumini, inapakwa wakati wa kulala mikono ikiwa mikavu kabisa. Ikishindikana zipo tiba nyingine. Huenda lisiishe lote, ila litapungua.

Lakini usisubiri dawa. Jumamosi hii nenda Kifanya na shangazi yako, usiende peke yako. Habari za Nathanieli usizianze. Vua glavu, mpe yule mama mikono yako ikiwa imelowa hivyohivyo, umwambie, “Mama, niliogopa utanionea kinyaa.” Kisha nyamaza. Posa inaweza isirudi, sikudanganyi. Ila mama wa watu anaionea haya mikono iliyolea watoto, na aibu ile siyo yake. Ni yako, kaichukue.