Unga wa Mizizi na Mashavu ya Goreti

Jumanne, 3 Februari 2009
Zamu ya asubuhi tena, kwenye nyumba ya wazee ya Tumba. Wazee wa kuogesha, mgongo kwisha. Nimerudi kwetu Alby, nyumba nzima inanuka udongo uliolowa. Mdogo wangu Goreti anachemsha ule unga wa mizizi wa Kichina, wa kopo alilouziwa dukani. Damu yake haigandi, ana michubuko hadi shingoni. Vidonge vya hospitali kavikataa, eti vinavimbisha uso. Daktari alisema dawa nyingine za asili za Kichina zimechunguzwa zikafaa, ila ya kopo hili haina ushahidi wowote. Goreti hasikii. Kichwa kigumu.

Jumapili, 22 Februari
Michubuko imekwisha. Yote. Chembe za kugandisha damu zimepanda. Kanisani katoa ushuhuda, wamempigia vigelegele: Goreti kanenepa, mashavu yamejaa, Mungu ni mwema. Nami nimepiga. Lakini nyumbani namwogopa. Halali usiku. Naamka namkuta anasugua kuta, anaimba. Uso mviringo, macho yamezama, mashavuni kumeota vinyweleo. Mtoto niliyembeba mgongoni, namtazama simwoni.

Jumatano, 25 Februari
Linda, bintiye, hataki kulala naye tena. Kaniambia kwa Kiswidi, polepole, kwamba yule si mama. Nimemkemea. Mnafiki mimi. Nafikiri hivyohivyo.

Ijumaa, 6 Machi
Nimeumwaga unga wote chooni. Basi. Goreti hakugomba. Alinitazama tu na ule uso.

Jumatatu, 9 Machi
Goreti hawezi kuinuka. Anatapika, mwili wa baridi, anaongea na marehemu mama kana kwamba yuko jikoni. Nimeita ambulensi. Ee Mungu, nimemuua.

Jumatano, 18 Machi
Yu hai. Kopo limepimwa. Ndani ya mizizi kulisagwa kotisoni, tena nyingi. Dawa ileile aliyoikataa hospitalini. Ndiyo iliyopandisha zile chembe za damu, ndiyo iliyomvimbisha. Mwili ulishaizoea, ukinyimwa ghafla, unazima. Nina hasira na mwenye duka, na vigelegele vyetu, na mkono wangu.

Jumapili, 29 Machi
Sikwenda kanisani. Goreti karudi. Anapewa kotisoni ya hospitali, itapunguzwa kidogo kidogo. Uso bado uleule. Asubuhi alishika kidonge kiganjani muda mrefu.
"Dada, kumbe nilitoa ushuhuda kwa ajili ya hiki?"
Linda akaleta maji, akayaweka mezani, akarudi nyuma hatua kadhaa. Goreti akameza.