Spana Inayolia Tak

Jumatatu, 3 Juni
Mpanda nzima hakuna anayejua injini kama mimi. Magari yakinipita stendi yanapunguza mlio kwa heshima. Leo nimeosha silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ya pikapu ya mjomba kwa mafuta ya taa, ugali ungelika juu yake. Injini yangu ya kwanza kufungua peke yangu. Jumamosi pikapu iende Inyonga kubeba asali. Mjomba kakataa kukodi gari la mtu. Kasema gari analo na mpwa anaye.

Jumanne, 4 Juni
Fundi Mrisho, mwenye gereji, hana spana ya kupimia nguvu ya kukaza. Anakaza kwa mkono, akihisi inatosha anaguna. Kila boliti na mguno wake. Nimemwambia hayo mambo ya kizamani. Kacheka.
"Basi kanunue ya kupimia. Mkono wako bado haujui kuguna."
Boliti za hedi zinataka nguvu ya sitini kwenye kipimo. Nimeandika kiganjani.

Jumatano, 5 Juni
Dukani kwa Bi Zuhura, vifaa vya mitumba. Spana za kupimia mbili. Moja nyembamba, ina mshale unaotembea kwenye namba ukivuta. Sura kama mizani ya dagaa. Nyingine nene, inang'aa, ina kasha jekundu, nguvu ikifika inalia tak. Bi Zuhura kasema chukua ya mshale, mwanangu, anayejifunza anatakiwa aone. Anayejifunza nani? Nimeijaribu ile nene kwenye nati za tairi la lori lililoegeshwa nje. Tak. Tak. Raha.
"We unanunua spana au unachagua mchumba?" Bi Zuhura kaniuliza.
Nimechagua. Njia nzima nimelibeba kasha begani, watu walione.

Alhamisi, 6 Juni
Siku mbaya. Nilikaza hedi, jamaa wa gereji wamekaa kwenye matairi wananitazama. Nilizungusha mpini wa spana kushusha namba mpaka nikaona hapa ni sitini. Boliti ya kwanza, kimya. Nikavuta tena. Kimya. Mrisho akasema, "Hebu simama." Nikamwambia subiri, itaongea. Boliti ikawa laini, kama nakoroga uji. Ikakatika. Kichwa kikabaki kwenye soketi, shina ndani ya bloku ya injini. Hakuna aliyecheka. Bora wangecheka.

Ijumaa
Sijaenda gereji. Naumwa, nimesema.

Jumamosi, 8 Juni
Mjomba kaenda Inyonga kwa basi na ndoo mbili. Nyingine zimebaki uani, tupu.
Mrisho anatoboa lile shina kwa drili, polepole. Hanisemi.
Mjomba nilimwambia boliti ilikuwa imechoka. Akanishika bega, akasema vyuma vya zamani ndivyo vilivyo, mpwa wangu. Nimejisikia vibaya kuliko kupigwa.
Boliti haikuchoka. Ile spana ni ya lori. Namba zake zinaanzia mia moja, chini ya hapo ni chuma kitupu. Sitini haimo. Niliona tangu dukani, nikaona aibu kuuliza.