Nukta Tatu Ndani ya Kifuniko

Jumatatu, 3 Machi

Imetembea! Saa ya mfukoni ya Mzee Hakimu, ya fedha safi, ya babu yake, imetembea leo baada ya kulala droo­ni miaka thelathini. Siku kumi na tisa zangu! Mhimili wa lile gurudumu dogo linalocheza katikati nimeuchonga mwenyewe, maana haununuliki popote — mwembamba kuliko sindano, ukipumua vibaya umekwenda. Mitatu imevunjika. Wa nne umekaa. Na aliyeiunda hii saa alikuwa na wazimu wake: kachora majani mpaka kwenye vyuma vya ndani ambavyo mwenye saa hatavitazama maisha yake yote. Nadhani alituchorea sisi mafundi.

Ndani ya kifuniko cha pili kuna alama za mafundi watano walioifungua kabla yangu, kila mmoja na tarehe yake, ya kwanza 1881. Nimeweka yangu chini ya zao: nukta tatu, 3/3. Baba ndiye aliyenifundisha. Fundi hajitangazi kwa mteja, anajiacha ndani. Nilipofika miaka kumi na tisa aliniambia nichague alama. Yake mwezi mchanga, yangu nukta tatu. Leo kaiweka saa sikioni, kafumba macho. Inapumua, kasema. Kwa Baba hiyo ni hotuba.

Kasema ataing'arisha mwenyewe, mimi niende kwa shangazi nikapumzike. Baba yangu kanipa likizo! Makubwa.

Jumanne, 11 Machi

Nimerudi. Afadhali ningebaki kwa shangazi.

Mzee Hakimu alikuja Jumamosi. Kaifungua saa, kalia, kamkumbatia Meneja, kamwita fundi. Meneja! Mdogo wangu, tunayemwita hivyo kwa ajili ya vile viatu vyake vya kung'aa, anayeuza makava ya simu pale mbele ya duka na hajui kibano kinashikwaje. Na Baba, mbele ya mteja, katangaza: mwisho wa mwezi meza ya ufundi ni ya kijana. Meza yangu. Miaka kumi na minne nimekikalia kile kiti. Mama kanisimulia haya huku akisugua sufuria iliyotakata zamani.

Nimemvaa Meneja. Kaapa kwamba hakusema neno, kakumbatiwa tu, angefanyaje? Nimemwita mwongo, mwizi, mnafiki. Kamlaghai Baba, huyu! Nitamweleza Baba taratibu, atanielewa.

Alhamisi, 20 Machi

Saa imerudi. Imemponyoka Mzee Hakimu, imesimama. Kamuulizia yule kijana fundi. Kijana fundi kajifungia chooni.

Nimefungua kifuniko cha pili. Nukta zangu hazipo. Zimekwanguliwa, zikasuguliwa mpaka fedha ikawa laini, na mahali pake pana pembetatu na tarehe: 7/3. Hiyo saba ina kimstari katikati.

Meneja haandiki saba hivyo. Wala hawezi kuchora mstari ulionyooka juu ya fedha, hata kwenye karatasi anahangaika. Nyumba nzima ni mtu mmoja tu anayeikata saba kiunoni.

Nimeitazama kwa lenzi mara kumi. Nilitaka iwe ya mtu mwingine. Kazi safi, jamani, haina mkwaruzo hata mmoja! Kumbe ndiyo likizo yenyewe. Kanipeleka kwa shangazi apate nafasi ya kumchorea kijana alama yake. Nimelia pale pale mezani, lenzi ikiwa jichoni, ikajaa maji.

Ijumaa, 21 Machi

Asubuhi nimemwomba Meneja msamaha. Kasema, Dada, yaishe.

Kisha Baba: itengeneze, mwanangu, ila mdogo wako ndiye atakayeikabidhi, Mzee anakuja saa kumi. Nimemwonyesha kifuniko. Baba, hii saba ni ya nani? Kavua miwani, kaifuta, karudisha. Macho yake siku hizi hayaoni vitu vidogo, kasema. Macho hayo hayo! Halafu, polepole: mwanamke kwenye meza ya ufundi, wateja watalihama duka. Wewe ni wangu, utanielewa, wao hawataelewa.

Sikuelewa. Sitaki kuelewa. Alama alinipa yeye, kwa mkono wake, na kwa mkono huo huo kaifuta. Angenikataza tangu mwanzo ningeumia zaidi au kidogo? Sijui. Na bado nikimwita natamka Baba.

Saa tisa na nusu. Mhimili wangu umesalimika, ni springi tu iliyojikunja. Saa imetembea tena. Naandika hapa nyuma ya pazia, kifuniko kiko wazi, sindano ya kuchorea iko kando ya daftari. Chini ya pembetatu pana nafasi ya nukta tatu.

Mzee kawahi! Wamekaa mbele. Namsikia anauliza fundi yuko wapi, amshukuru tena. Baba kamjibu: yuko nyuma, anakuja sasa hivi.

Nyuma tuko wawili. Meneja kasimama mbele yangu na viatu vyake, nimemnyooshea saa. Hapokei. Mikono kaitia mifukoni, anaitazama ile sindano, kisha ile nafasi chini ya pembetatu —