Shetani wa Bato ya Kasenyi

Bunia, Saio, 6/7/2009

Mama mupenzi,

Salamu sana. Habari ya mugongo? Siye huku tuko wazima, risasi tumeanza kuzisahau.

Mama, siku ya posho, tarehe 11, korali yetu itashuka Kasenyi kuangalia ile bato, meli ya zamani ya Wabeleji yenye ilivunjika, iko ku muchanga. Sasa barabara imetulia, kila mutu anataka kuona ziwa. Isidore, ule mwalimu mwenye anataka kunioa, iko kati yao. Ni mutu mupole, hacheke ovyo. Weye unajua kwetu: mama haonane na mukwe mbele familia zikutane. Ukiwaona, ujifiche. Usiniharibie ndoa!

Binti yako,
Ketsia

Kasenyi, 12/7/2009

Mutoto yangu,

Amani kwako. Mugongo inauma zaidi, na leo utajua sababu.

Jana nilikuwa ku bato, nageuza samaki yangu yenye nilianika juu ya chuma yake, nikasikia kamio inapiga honi. Korali! Nikajitupa mu tumbo ya bato. Mama weee, akili yangu ilikuwa wapi? Si bato ndiyo walikuja kuona?

Nikaingia mpaka mu ile tanki kubwa ya mashine. Wengine wakabaki inje wanapiga foto, Isidore wako akaingia peke yake. Nilimujua ku foto yenye ulinitumia. Akavua suruali apate kuoga. Akasimama na kaleso ya ndani tu, mukono ku kichwa sawa kapiteni, akaanza kuamuru: "Mashine mbele! Mama mukwe apewe kiti ya première, kiti ya wakubwa!" Nikauma kitambaa. Kicheko ikanishinda, ikatokea ku pua.

Alikimbia na kaleso vile vile, anapiga kelele: "Shetani!" Korali nzima wakazunguka bato, wanafukuza shetani: "Toka! Toka!" Nitoke namna gani, na mukwe iko inje na kaleso? Wakizidi kuniamuru nitoke, nazidi kuingia. Waliomba mpaka kunguru wakamaliza samaki yangu.

Mama yako

Bunia, 2/8/2009

Mama,

Salamu, lakini hatulale. Isidore anakataa kuja. Anasema haweze kupeleka wazee ku kijiji yenye shetani. Baba yake anauliza kama ni shetani ya familia yetu! Mama, nampenda. Nikinyamaza, ananiacha. Nikisema ni weye, atajua ulimuona vile, na haya itamukimbiza mpaka kule mbali Ariwara. Nifanye nini?

Ketsia wako, mwenye kulia

Kasenyi, 5/8/2009

Ketsia wangu,

Pangusa machozi. Mugongo imepona.

Nikuambie wazi. Tangu tulikimbia vita, tangu baba yako alibaki njiani, nilikuwa nacheka na meno tu. Ile siku mu tanki nilicheka mpaka nikalia, na mara ya kwanza nikamukumbuka baba yako bila moyo kuniuma. Mutu mwenye alinipa hiyo, nimuache aende? Hata kidogo!

Mu hii bahasha iko karatasi ya Isidore, asome mbele ya baba yake. Nimemuandikia: "Mutoto yangu, ile shetani ni miye. Nilijificha kwa kukuheshimu. Mu tanki mulikuwa giza kabisa, sikuona kitu. Kuja na wazee, nawangoja."

Weye naye usimuambie kama ile tanki imejaa matundu.

Mama yenu wawili