Alhamisi za Hoyt

Harmon Creek, Georgia
3 Machi 1924

Dada yangu Vesta,
Salamu nyingi. Huku tu wazima, ila mimi roho haina raha. Hamjambo huko Ohio? Kifua cha shemeji kimepona?

Dada, Hoyt ana mwanamke! Kila Alhamisi akishakula anavaa kofia na kutoka. Nikimwuliza, "Mambo ya wanaume, Lorene." Na shuka zangu mbili za arusi hazionekani. Anamtandikia nani kama si Maybelle, yule mjane anayejishaua kanisani? Wivu unanila mifupa.
Mdogo wako, Lorene

12 Machi

Mdogo wangu,
Hatujambo. Shemeji yako anakohoa, lakini anakula. Acha kulia, mfuate. Ukimkuta na Maybelle usipigane. Funga mzigo uje kwangu.
Dada yako, Vesta

21 Machi

Dada mpenzi,
Hujambo? Mimi nimepona kabisa! Jana nilimfuata mpaka nyuma ya kiwanda cha pamba. Hakuna mwanamke! Wanaume peke yao, wale wa chama cha siri cha wazungu, wamejifunika shuka nyeupe gubigubi, matundu ya macho tu. Hoyt nilimjua kwa mwendo na kwa darizi yangu kwenye pindo. Nilicheka peke yangu vichakani, machozi yananitoka. Mume wangu ni wangu!

Walikuwa wanamcharaza viboko Gideon Mapp, kwa kuwa amekataa kumwuzia bosi wa kiwanda shamba lake. Mtu mweusi na kiburi chote hicho! Sikukaa. Nilikimbia nyumbani nikamwokea Hoyt pai.
Mdogo wako, Lorene

28 Machi

Lorene,
Gideon ndiye aliyekubeba mgongoni mpaka kwa daktari ulipoumwa na nyoka. Barua nzima ni Hoyt, Hoyt, Hoyt. Gideon yu hai? Nijibu hilo tu.
Dada yako, Vesta

9 Aprili

Dada,
Natumaini mu wazima. Gideon amekufa Jumapili. Mkewe Cora amemtaja Hoyt, na kesi ni mwezi ujao. Wakili anataka niape kwamba usiku ule Hoyt alikuwa kitandani kwangu. Nilisita. Loo! Maybelle naye kajitolea kuapa kwamba Hoyt alikuwa sebuleni kwake, ati kumwokoa! Afadhali niape mimi mara mia.
Mdogo wako, Lorene

15 Aprili

Lorene,
Ulikuwepo, uliona. Sema hivyo. Ukiapa uongo juu ya kifo cha mtu yule, usiniandikie tena.
Vesta

6 Juni

Dada,
Shemeji hajambo? Barua yangu ya mwezi uliopita hukuijibu. Niliapa. Hoyt aliachiwa, wenzake wakambeba mabegani. Cora aliniangalia tu. Sasa amehama, na shamba limechukuliwa na bosi wa kiwanda.

Jana Hoyt alivaa shati jipya, akapaka nywele mafuta. "Unaenda kwa Maybelle," nikamwambia. Wala hakukataa! Alicheka. "Lorene, mji mzima unajua Alhamisi niko kitandani kwako. Si uliapa mwenyewe?"

Nikasema nitakwenda kwa jaji niseme kweli yote.

"Nenda," akasema. "Atakayefungwa kwa kuapa uongo ni wewe."

Amerudi asubuhi, amelala fofofo, nami nimekaa jikoni nakuandikia. Dada, nijibu hata kwa matusi.
Mdogo wako, Lorene