Talaka ya Kwenye Kipindi

Kunduchi, 4 Mei 2025

Nassibu, asali wa moyo wangu,

Asalaam aleikum. Hujambo kipenzi? Mie mwili mzima, ila nimefura. Nakuandikia karatasi kwa sababu ujumbe wangu wa simu, ule wa fungate, uliusoma kwenye kipindi chetu cha vichekesho cha televisheni, watu wakacheka.

Hina yangu haijafutika, Nassibu! Bado naamka natabasamu nikikumbuka ulivyonishika mkono siku ya ndoa. Halafu Ijumaa, mbele ya kamera, unaniambia, "Najat binti Shomari, nimekuacha." Gaudens mwongozaji alitaka unitishie tu. Ukaongeza mwenyewe, hadi jina la baba yangu!

Mjomba Twaha, aliyetuozesha, ameona. Anasema kama ungeigiza mtu mwingine asingesema kitu. Lakini kwenye kipindi sie ndio sie, Nassibu na Najat, mume na mke, na talaka haina mzaha. Moja imepita. Nipo kwake. Njoo unirejee kabla eda haijaisha. Nakupenda mpaka nakasirika.

Najat
(mkeo siandiki mpaka uje)

Goba, 11 Mei 2025

Mke wangu Najat,

Waaleikum salaam. Mie mzima, nyumba ndiyo imepooza. Nifikishie shikamoo kwa mjomba. Lakini mpenzi, ule ulikuwa mzaha tu! Watu wameuangalia kuliko harusi yetu. Gaudens anasema kununa kwako ndiko kunakouza, nisije huko kwanza. Ijumaa hii nitakurejea kwenye kipindi. Utafurahi.

Mumeo,
Nassibu

Kunduchi, 17 Mei 2025

Nassibu,

Asalaam aleikum. Afya yako siulizi, nimeiona kwenye televisheni. Unanenepa.

Umemrejea nani? Mbuzi! Mbuzi umemvisha mtandio wangu wa harusi, ukamwambia, "Najat, nimekurejea," akalia meee, ukambusu. Leo muuza samaki kanilia meee huku akinifungia vibua.

Mjomba anasema kurejea nako hakuna mzaha, kwa hiyo mie mkeo tena. Nimelia kwa hasira. Yaani ndoa niliyoiota tangu niko sekondari inavunjwa na kuungwa kwa vichekesho vya Gaudens!

Sikiliza. Kwenye kipindi sirudi, na jina langu usilitaje tena mbele ya kamera, hata kwa sifa. Ukimtaka Najat wa Ijumaa, mtafute yule mbuzi. Ukinitaka mie, njoo uniambie maneno ambayo hakuna wa kuyacheka.

Najat binti Shomari

Kunduchi, barazani kwa mjomba, 2 Juni 2025

Najat mke wangu,

Asalaam aleikum. Mdogo wako Mwanakombo anasema uko jikoni na hutaki kutoka, ndiyo maana nampa karatasi hii. Simu nimeiacha Goba. Gaudens alitaka aje na kamera nikikuomba radhi. Nimemwambia atafute Nassibu mwingine. Mtandio wako ninao, nimeufua mwenyewe.

Mjomba kanikalisha tangu asubuhi, hata maji hajanipa. Maneno ninayo, lakini siyaandiki. Nataka uyasikie.

Mumeo,
Nassibu

(Nyuma ya karatasi hiyo hiyo)

Nassibu,

Waaleikum salaam. Hasira bado ninazo, usijidanganye. Mtandio mpe Mwanakombo, halafu nawa mikono uje. Hayo maneno utayasema huku unakuna nazi.

Mkeo,
Najat